Meno, uzito na maisha ya mwanafunzi wa udaktari wa meno: maswali mnayoniuliza kila siku

Nimekuwa nikijibu maswali haya haya kwenye simu, kwenye korido, mpaka katikati ya kliniki mtu anakuvuta pembeni anakuuliza kwa sauti ya chini, kwa hiyo nimeona niyaweke yote sehemu moja. Mimi nimeshamaliza udaktari wa meno, hiyo njia mnayopita nimeipita, na kuna jambo nililiona kwangu na kwa wenzangu karibu wote: ile ratiba inayotuharibia meno ndo hiyo hiyo inayotuongezea uzito. Elimu tunayo ya kutosha, shida ni mida. Muda wa kula, wa kulala na wa kupiga mswaki vyote vinapangwa na mtihani. Soma swali linalokuhusu, mengine utayarudia siku yakikufika.

Hivi mwanafunzi wa meno anaweza kweli akawa na meno yaliyotoboka?

Anaweza, na wapo wengi tu. Kujifunza jinsi jino linavyooza hakulizuii jino lako kuoza, sawa na daktari wa moyo anayevuta sigara. Kuna dodoso moja linaitwa HU-DBI, lilitengenezwa Japani kwenye Chuo Kikuu cha Hiroshima na likatolewa 1988, lina maswali 20 ya kujibu ndiyo au hapana kuhusu unavyotunza kinywa chako, na limetumika kwa wanafunzi wa meno kwenye nchi nyingi sana. Mara nyingi wanaoonekana vizuri zaidi ni wale wa miaka ya kliniki kuliko wa miaka ya mwanzo, na ukifikiria ina mantiki, maana kitabu hakikushtui kama kinavyokushtua kinywa cha mgonjwa wa umri wako ambaye unamng'oa jino kwa sababu ya uzembe unaofanana na wa kwako.

Moja ya maswali yake linauliza kama unasubiri mpaka jino liume ndo uende kwa daktari. Jiulize hilo kwa ukweli, wewe unayeshinda kwenye jengo lenye viti vya meno kuanzia asubuhi mpaka jioni, mara ya mwisho kukaa kwenye kiti kama mgonjwa ni lini?

Dada, mimi napiga mswaki mara mbili kila siku, mbona tulipopakana ile rangi ya kuonyesha ukoga darasani meno yangu yalikuwa yamejaa rangi?

Pole, na mimi ilinikuta. Mwaka wa pili tulipakana ile rangi inayoonyesha ukoga, mwenzangu akaninyooshea kioo, nikaona pinki imekaa chini kabisa kwenye mpaka wa fizi na katikati ya kila jino huku nyuma, na asubuhi ile nilikuwa nimepiga mswaki nikaona nimemaliza kazi. Nilijisikia vibaya sana siku ile lakini kwa kweli hakuna somo lililonisaidia kama hilo.

Mara nyingi tatizo linakuwa kwenye namna na muda, idadi siyo shida. Watu wengi wanapiga mswaki chini ya dakika moja wakiamini wamepiga mbili, weka saa ya simu uone mwenyewe. Brashi iwe laini, ilalie kidogo kwenye mpaka wa jino na fizi, mikono iende taratibu kwa miondoko mifupi, na usikandamize, maana kukandamiza kwa brashi ngumu ndo kunakokula shingo ya jino na kuishusha fizi, alafu baadaye maji ya baridi yanakupiga shoti. Dawa ya meno iwe na floraidi, kwa mtu mzima angalia kwenye boksi iwe kati ya ppm 1000 na 1500. Ukimaliza tema tu, usisukutue kwa maji mengi, ukisukutua unaimwaga floraidi yote ambayo ungeiacha ifanye kazi.

Na katikati ya meno brashi haifiki. Haifiki hata ukipiga dakika kumi. Huko ni uzi wa meno au vile vibrashi vidogo vya kupenya katikati, mara moja kwa siku, na kama nafasi inaruhusu mimi nashauri vibrashi kwa sababu ni rahisi, na kitu rahisi ndo utakifanya ukiwa umechoka saa saba usiku.

Kama nachoka sana, usiku au asubuhi, kipi niache?

Usiache chochote, ila kama unataka kujua upi una uzito zaidi basi ni wa usiku. Ukilala mate yanapungua sana, na mate ndo yanayolinda jino kwa kupunguza makali ya asidi na kurudisha madini, kwa hiyo sukari utakayolala nayo inafanya kazi bila kusumbuliwa na mtu. Kosa la wengi wetu ni kusubiri mpaka tumalize kusoma, kisha usingizi unakukuta juu ya kitabu, unashtuka asubuhi kinywa kinanuka na umechelewa. Piga mswaki mapema, ukimaliza tu kula chakula cha jioni, alafu ukae usome ukiwa na maji pembeni. Hii peke yake ilinibadilishia mambo mawili kwa mpigo, meno yalikaa salama na nikaacha kula kula usiku, kwa sababu ukishapiga mswaki biskuti inakosa ladha na unaona uvivu kurudia kazi.

Fizi zangu zinatoka damu nikipiga mswaki, niziache zipumzike?

Hapana jamani, hapo ndo unatakiwa usafishe zaidi, kwa upole. Damu ni dalili kwamba ukoga umekaa hapo siku kadhaa.

Na hili jambo limethibitishwa kwenye vinywa vya watu kama nyie. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, walitoa utafiti wa watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, walioambiwa waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote fizi zilikuwa zimevimba. Wakarudia kusafisha, na kwa muda wa kama wiki moja fizi zikarudi kuwa nzima. Huwa nawakumbusha hili wadogo zangu wakati wa mitihani, kwa sababu kipindi cha mitihani kinadumu wiki mbili au tatu, yaani muda ule ule uliotosha kuvimbisha fizi za wale watu. Ila habari njema nayo imo humo humo, ukiwahi kurudi kwenye usafi zinapona. Kama umesafisha vizuri wiki mbili na damu bado ipo, mwambie mwenzako wa kliniki akupime, huenda kuna ukoga uliokauka ukawa mgumu kama jiwe, na huo hautoki kwa brashi.

Nikisoma usiku lazima nitafune kitu. Kidogo kidogo tu, kuna ubaya gani?

Hiyo "kidogo kidogo" ndo penyewe, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo pale meno na uzito vinapokutana.

Kila sukari ikiingia mdomoni bakteria wanaigeuza asidi ndani ya dakika chache, na pH kwenye ukoga (kipimo cha asidi, kadiri inavyoshuka ndo asidi inavyokuwa kali) ikishuka chini ya kama 5.5 enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, inaanza kupoteza madini. Mate yanakuja kusawazisha lakini yanahitaji muda, nusu saa mpaka saa nzima hivi. Ni ule mchoro wa Stephan mliouchora kwenye daftari wote, unaoonyesha pH inavyoshuka baada ya sukari na kupanda tena. Sasa uweke kwenye usiku wako: saa mbili umefungua soda unapiga funda, saa mbili na nusu biskuti mbili, saa tatu funda tena, hivyo hivyo mpaka saa saba. Jino lako halijapata hata dakika ya kupumzika kwa saa tano nzima! Mwenzako aliyekunywa ile soda yote kwa mkupuo pamoja na chakula amekula sukari ile ile lakini meno yake yameshambuliwa mara moja tu.

Utafiti wa Vipeholm huko Uswidi, ulioanza miaka ya 1940, ulionyesha jambo hilo, pipi za kunata zinazoliwa katikati ya milo ndo ziliharibu meno vibaya zaidi. (Ulifanywa kwa wagonjwa wenye ulemavu wa akili ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa, na kila tukiutaja tuseme na hilo, wale watu waliumizwa ili sisi tujue.)

Upande wa uzito hesabu ni nyingine kidogo, mwili unahesabu jumla. Ila anayetafuna bila kukaa mezani hajui amekula kiasi gani, macho yapo kwenye slaidi mkono upo kwenye pakiti, ukija kushtuka pakiti limeisha na njaa hujaisikia wala shibe hujaisikia. Kwa hiyo ule mtindo mmoja unakupiga pande mbili, mara zinazojirudia zinaharibu jino na jumla yake inakaa kiunoni.

Ukilazimika kutafuna chagua karanga zisizo na sukari, jibini, au tunda unalolimaliza kwa mara moja. Bazoka zisizo na sukari nazo zinasaidia, tafuna kama dakika 20 baada ya kula, zinaongeza mate.

Na vinywaji vya kuongeza nguvu je? Bila hivyo sifiki asubuhi.

Nakuelewa kabisa. Ila vile vyenye sukari vingi vina kama gramu 11 kwa kila mililita 100, kwa hiyo kopo la mililita 500 ni gramu 55 hivi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula unachokula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2000 hiyo ni gramu 50, na ile bora ni 25. Kopo moja limemaliza siku nzima na hujala kitu bado.

Visivyo na sukari vinakuokoa kwenye uzito lakini asidi iko pale pale, vingi vina pH ya 3 na kitu, na asidi hiyo inamenya enameli moja kwa moja bila hata kuhitaji bakteria. Ukinywa, kunywa ukimalize, sukutua kwa maji, na usipige mswaki papo hapo, subiri kama nusu saa, maana uso wa jino unakuwa umelainika. Kahawa au chai bila sukari itakuamsha vile vile.

Uzito na fizi vinahusianaje? Si ni vitu viwili tofauti?

Watu wengi wanashangaa hapa. Mwaka 1998 watafiti wa Japani, Saito na wenzake, waliripoti kwamba watu wenye unene uliozidi walionekana zaidi na ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa, na tangu hapo uhusiano huo umeonekana kwenye tafiti nyingi. Mafuta ya mwilini siyo mzigo uliokaa tu, yanatoa kemikali za uvimbe kama TNF-alfa na interlukini-6, yanafanya insulini isifanye kazi vizuri, na mwili ambao tayari una uvimbe wa chini chini unapambana vibaya na bakteria wa kwenye fizi. Kisukari kikiingia hapo ndo mambo yanaharibika zaidi, kwa sababu kisukari kinazidisha ugonjwa wa fizi na ugonjwa wa fizi nao unafanya sukari iwe ngumu kudhibiti.

Lakini uhusiano siyo chanzo, tuwe waangalifu. Mtu mnene anayesafisha vizuri anaweza kuwa na fizi nzuri kuliko mwembamba mvutaji sigara. Na kwenye kutoboka kwa meno picha haijanyooka kabisa, kuna tafiti zinazoonyesha wanene wana matundu zaidi, nyingine wembamba, nyingine hakuna tofauti. Kwa umri wenu wa miaka 20 na kitu kinachounganisha ni tabia, yaani sukari, kukesha na kukaa, zaidi ya mafuta yenyewe.

BMI yangu ni 26, niogope?

Usiogope, ielewe kwanza. BMI ni kilo zako gawanya kwa urefu wako wa mita uliouzidisha kwa wenyewe. Mtu wa kilo 70 mwenye mita 1.65 anapata 25.7. Kawaida ni 18.5 mpaka 24.9, kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza, na kwa watu wa asili ya Asia hatari inaanza mapema zaidi, kwenye 23 hivi. Hesabu yenyewe ilitoka kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet kwenye miaka ya 1830, na aliitunga kuelezea makundi ya watu, kumpima mtu mmoja mmoja hakukuwa kichwani mwake. Haijui misuli wala mafuta yamekaa wapi.

Kwa hiyo chukua na futi ya kitambaa upime kiuno, kikiwa chini ya nusu ya urefu wako uko vizuri. BMI 26 na kiuno kizuri na unafanya mazoezi, endelea na maisha. BMI 24 na kiuno kimevuka nusu, hapo angalia. Na tafadhali pima, usikadirie, kwa sababu wengi tukiulizwa tunajiongezea urefu na kujipunguzia kilo, hata sisi wa afya.

Nimeongezeka tangu nianze chuo, ni mimi peke yangu?

Siyo wewe peke yako. Uchambuzi mmoja wa tafiti nyingi uliotoka 2015 ulipata wastani wa kilo 1.36 mwaka wa kwanza wa chuo kwa wanafunzi wa fani zote. Ni ndogo, ila miaka yetu ni mitano au sita, na hakuna anayekuja kukuambia. Pia kwetu kazi yenyewe ni ya kukaa, maabara unachonga nta umekaa, kliniki umekaa, maktaba umekaa.

Mazoezi nayafanya saa ngapi jamani?

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Dakika 25 kwa siku tayari umefika. Tembea ukisikiliza mihadhara, ndo nilivyofanya mimi. Ongeza mazoezi ya mgongo na mabega mara mbili kwa wiki, utayashukuru ukianza kuinama juu ya wagonjwa.

Kulala kunahusika vipi na uzito?

Kunahusika sana. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Ukilala pungufu homoni ya njaa inapanda, ya shibe inashuka, na kesho yake mwili unadai vitu vitamu na vya mafuta, kwa hiyo unajilaumu huna nidhamu kumbe umelala masaa manne tu. Kukesha pia kunaongeza masaa ya kula. Na stresi nayo inawafanya wengine wasage meno usingizini, ukiamka taya limechoka na kichwa kinauma pembeni, au mwenzako wa chumbani anakwambia unasaga, omba utengenezewe kifaa cha kuvaa usiku kabla ncha za meno hazijaisha.

Nataka kupunguza haraka, nikiruka milo itasaidia?

Ukiruka mlo wa asubuhi na mchana, jioni unakuja kula kama umefungua mfungo, tena unaanza na vitamu. Mimi naona ni bora milo mitatu ya kueleweka na katikati maji.

Na kuna jingine nataka niliseme kwa upole. Kuna wenzetu wanakula alafu wanajitapisha. Kama ni wewe, sikuhukumu hata kidogo. Asidi ya tumbo inamenya meno ya juu ya mbele kwa upande wa ndani, na siku moja mwenzako wa darasa atakupima aione. Ukitapika usipige mswaki hapo hapo, sukutua kwa maji, ukiweza weka baking soda kidogo. Lakini meno ni sehemu ndogo ya jambo hili, unahitaji mtu wa kukusaidia na chakula na mawazo, nenda kwa mshauri au daktari unayemwamini. Ni ugonjwa na unatibika.

Navuta kidogo ili nisinenepe, na fizi zangu hata hazitoki damu.

Hazitoki damu kwa sababu nikotini inabana mishipa, ugonjwa unaendelea kimya kimya huku dalili ya kukuonya imezimwa. Sigara inakula mfupa unaoshika meno na inaleta saratani ya kinywa, shisha nayo ina nikotini na moshi, vepu nyingi zina nikotini. Kilo tatu nne unazoogopa kuongezeka ukiacha hazilingani na hayo hata kidogo.

Naona aibu kumshauri mgonjwa apunguze sukari wakati mimi mwenyewe ni mnene.

Usione aibu. Mgonjwa anataka ukweli na heshima. Kwanza muombe ruhusa, "naweza kukuuliza kidogo kuhusu unavyokula?", alafu uliza ni mara ngapi na saa ngapi kabla ya kuuliza kiasi. Unaweza hata kumwambia nawe unapambana na kula usiku, nimeona wagonjwa wakifunguka pale pale. Usimwambie habari za mwili wake kama hajauliza na hujui hali yake, na usidhani mnene ni mvivu. Inamuumiza, na hatarudi.

Nimeona doa jeupe kama chaki kwenye jino la mbele, nimechelewa?

Hapana, hapo umewahi. Hilo doa mara nyingi ni enameli iliyopoteza madini lakini uso wake bado haujavunjika, na likitunzwa linaweza kusimama, wakati mwingine hata kurudi. Usilichokonoe na ile chuma yenye ncha ukiwa na hamu ya kujipima mwenyewe, utalitoboa. Punguza mara za sukari kwa siku, floraidi asubuhi na usiku, na wiki hii hii mwambie mwenzako wa kliniki akuangalie likiwa limekaushwa na akuulizie kama unahitaji kupakwa floraidi ya nguvu zaidi. Wengine meno yao yanaota tayari yakiwa na madoa hayo, kwa hiyo acha aliyefundishwa kutofautisha ndo akuambie, usikeshe ukitafuta picha kwenye simu.